Mambo ya kuzingatia kabla ya kumpeleka hospitali mtoto aliyebadilika akili ghafla

Mtoto wa miaka 10 anapoanza ghafla kuzungumza na watu wasioonekana, familia nyingi hapa Bukavu hufikiria kwanza kwamba amelogwa, na zile siku za mwanzo ambazo daktari angezihitaji zaidi huishia katika chumba cha maombi. Sipingi maombi, naomba tu yasichukue nafasi ya safari ya hospitali. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, ni nadra sana kabla ya miaka 13, kwa hiyo umri wenyewe unatutaka tutafute kwanza ugonjwa wa mwili.

Pimeni joto. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya matumbo na homa ya uti wa mgongo zote huweza kumfanya mtoto apayuke na kuona vitu visivyokuwepo. Akiwa na homa, degedege, shingo iliyokakamaa au usingizi mzito usiokatika, msiendelee kujiandaa: ondokeni usiku huohuo, hata kama mnatoka juu kabisa Kadutu.

Ikiwa hali yake inaruhusu, mketisheni yule anayelala naye chumba kimoja, kisha andikeni katika daftari siku ya mwisho mtoto alipokuwa mzima kabisa, kilichotangulia, na saa ambazo hali huzidi. Mtoto anayemtambua mama yake asubuhi, lakini jioni akawa anadonoadonoa blanketi kama anayeokota wadudu, kwa kawaida ana ubongo uliovurugwa na maradhi. Mkimwona anakodoa macho na kutafunatafuna mdomo mtupu, mrekodini kwa simu, kwa maana huenda ni kifafa.

Mwaka 2007 daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, ingawa wavulana hawakuachwa: huanza kwa kukosa usingizi na ukali usio wa kawaida, kisha huja degedege, midomo kuchezacheza na ukimya. Unatibika, hasa ukigunduliwa mapema. Wagonjwa hawa huweza kudhuriwa na dawa za kutuliza kama haloperidoli, hivyo kama alidungwa sindano akakakamaa mwili, semeni. Kubalianeni pia mapema kuhusu kutolewa maji ya mgongo kwa ajili ya kipimo. Sindano hiyo huingia chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, kwa hiyo hofu ya kupooza isiwafanye mkatae.

Kusanyeni dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na maboksi matupu na mizizi ya mganga. Isoniazidi ya kifua kikuu, meflokini ya malaria na prednisoloni ya kupunguza uvimbe huweza kuvuruga akili. Kuhusu bangi, kijana aulizwe faraghani, bila fimbo. Ugonjwa wa tezi ya shingo, lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe) na VVU daktari atavitafuta kwa vipimo vya damu, na vipimo hivyo viombwe hata kama mtoto anapelekwa SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha hapa Bukavu.

Kama amefungwa kamba, mfungueni, na asindikizwe na yule aliyeandika daftari.