Sufuria moja: mchuzi wa samaki kwa nyumba yenye mgonjwa wa figo

Mavyaa wangu alipoanza kwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, nilimtengea sufuria yake. Kabichi ya kuchemsha, wali mkavu, kipande cha kuku kisichoonja hata ndimu. Siku ya tatu akaisukuma sahani. "Hiki chakula cha hospitali, mwanangu. Na mimi niko kwangu." Chumba cha pili sisi twala samaki wa nazi, harufu yote yamfikia. Mimi ni mpishi wa shughuli, nimepikia harusi Majengo hadi Likoni, na mtu mmoja ndani ya nyumba yangu amenishinda!

Sasa tunapika sufuria moja na kula sinia moja. Huu ndio mchuzi wenyewe, wa watu sita.

Kabla ya kuwasha jiko

Wagonjwa wa figo hawafanani. Aliye mwanzoni mara nyingi huambiwa asizidishe nyama na samaki; anayesafishwa damu huhitaji protini zaidi, maana sehemu yake hupotea kwenye mashine ya kusafisha damu. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula vingi kama viazi, ndani ya damu kwa kawaida huwa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Ikipanda sana moyo hupoteza mapigo, na mtu anaweza asihisi lolote kabla. Lakini kuna mgonjwa ambaye yake iko sawa, na kumnyima viazi ni kumwonea bure. Nenda na karatasi ya vipimo kwa mtaalamu wa lishe, akuandikie kiasi. Mimi hapa nampikia mtu aliyeambiwa apunguze chumvi, potasiamu na fosforasi, na apime maji anayokunywa.

Hatua ya 1: Sokoni

Samaki awe mbichi: changu, tafi au nguru, kilo moja pamoja na kichwa. Ng'onda na papa mkavu waache huko huko. Hata ukiwaloweka usiku kucha, chumvi inabaki.

Chukua vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya moja, hoho moja nyekundu, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili mbichi, ndimu tatu, dania fungu moja, viazi vinne na nazi moja. Naam, nyanya ni moja. Na ile ya kopo usitie kabisa, kwa sababu ni nyanya zilizokaushwa maji, na potasiamu yao imebaki humo.

Birimbi ndiyo iliyoniuma, kwa kuwa mchuzi wa samaki nyumbani kwetu haukuwahi kukosa birimbi. Lakini zimejaa asidi ya oksaliki, ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Ndugu yake, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, ndilo baya zaidi: limewahi kuwatia wagonjwa wa figo kwikwi isiyokatika, kuwachanganya akili, hata kuwaua. Uchachu wote hapa utatoka kwenye ndimu.

Hatua ya 2: Viazi

Watoto hawali mchuzi usio na kiazi. Menya, kata vipande vidogo kama kete za bao, viteleze kwenye sufuria kubwa yenye maji mengi yanayochemka. Dakika kumi, mwaga maji yote, tia mengine ya moto, chemsha tena mpaka viive. Mwaga tena. Kuchemsha vipande vidogo namna hii hutoa karibu nusu ya potasiamu. Kuloweka tu kwenye maji baridi, kama nilivyokuwa nikifanya miezi miwili nikijiona hodari, hakutoi cha maana. Na yale maji usiyarudishe kwenye mchuzi ati yana ladha. Mchicha na muhogo vilevile: chemsha, mwaga, ndipo uunge. Hata hivyo, yeye namtilia vipande viwili vitatu tu.

Hatua ya 3: Samaki

Twanga punje sita za thomu, tangawizi ya kidole gumba, pilipili moja, uzile kijiko cha chai na pilipili manga nusu kijiko. Kamulia ndimu moja na nusu. Wapake vipande vya samaki, waache nusu saa, kisha wakaange kwa mafuta kidogo mpaka ngozi ishike rangi. Ndani wasiive, watamalizikia kwenye mchuzi.

Hatua ya 4: Kuunga

Hapa ndipo mchuzi wa chumvi kidogo huharibika, kwa haraka. Kata vitunguu vyembamba na uvikaange moto mdogo, robo saa nzima, mpaka viwe rangi ya asali na vianze kunata chini. Nyunyiza matone ya maji, kwangua, acha vinate tena. Utamu ule wa kitunguu kilichokaangwa hasa ndio unaoziba pengo la chumvi. Tia bizari ya manjano, uzile kidogo na dania kavu, zungusha kwa mwiko mpaka harufu ibadilike, nusu dakika haifiki. Ndipo hoho iliyosagwa na ile nyanya. Hoho nyekundu inatoa rangi, mgeni atadhani nyanya ni nne.

Chumvi: nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Kwa watu sita ni kama nusu gramu kwa mtu. Ukomo wa siku ni gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai, na mkate wa asubuhi umeshachukua sehemu yake. Wali usiutie chumvi. Iliki tatu na kijiti cha mdalasini vinatosha. Vidonge vya supu na unga wa mchuzi wa pakiti ni chumvi iliyovaa nguo nyingine, na wakati mwingine fosforasi juu yake.

Na ile "chumvi ya afya"? Niliinunua dukani kwa bei ya kuuma, nikafurahi wiki nzima. Mtaalamu wa lishe akaigeuza pakiti, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo: kloridi ya potasiamu. Nilikuwa nimempunguzia sodiamu na kumpakulia potasiamu kwa kijiko. Siku hizi sinunui kitu bila kusoma nyuma.

Hatua ya 5: Tui

Nazi ipo, mradi isiwe kila siku. Kamua tui zito, pima nusu kikombe, basi. Linalobaki ligandishe. Rudisha samaki kwenye sufuria pamoja na viazi, tia maji kikombe kimoja, acha uchemke dakika nane na upungue. Mchuzi uwe mzito wa kushika kijiko. Punguza moto, mimina tui, koroga polepole upande mmoja, usiache likatike. Likipanda tu, epua. Ndimu iliyobaki na dania mbichi tia sasa, moto ukiwa umeshazimwa, maana ndimu ikichemshwa harufu yake nzuri inapotea.

Hatua ya 6: Kupakua

Samaki wake awe kiasi cha kiganja bila vidole. Mchuzi vijiko viwili vya kulia, kwa sababu nao ni maji. Barafu, uji na chai pia ni maji. Kwa joto letu la Februari hiki ndicho kisa kikubwa kuliko chakula. Asubuhi najaza chupa kwa kiasi alichopimiwa siku nzima. Akinywa kikombe cha chai, nami namwaga kikombe kutoka kwenye chupa. Anaona mwenyewe kilichobaki, wala hatugombani. Dafu alishaliaga: kikombe kimoja kina karibu miligramu 600 za potasiamu.

Kibakuli cha chumvi kinakaa upande wa watoto, anayetaka anyunyize kwenye sahani yake. Juzi mume wangu alikinyooshea mkono, akaonja mchuzi kwanza, akakirudisha. Mavyaa alimtazama, akanisogezea sahani. "Nitie kipande cha kichwa."

Nilimtilia shavu.