Somo: Jinsi almasi inavyooteshwa kwa gesi, na matumizi yake yanavyoamuliwa humo humo

Karibuni darasani. Ukitaja almasi wengi huwaza pete, na mafundi huwaza misumeno ya kukatia zege. Mimi sifa inayonistaajabisha zaidi ni joto. Almasi safi hupitisha joto karibu mara 5 kuliko shaba, na bado haipitishi umeme. Shika kibamba chembamba cha almasi kwa vidole viwili, kisha bonyeza ukingo wake kwenye donge la barafu. Kinazama kana kwamba kimetoka motoni, na vidole vinaingiwa na ubaridi papo hapo, kwa sababu joto linaloyeyusha barafu linatoka mwilini mwako. Ndiyo maana vibamba hivi huwekwa chini ya leza zenye nguvu, vivute joto kabla kifaa hakijaungua.

Hatua ya 1: Andaa mbegu. Ukitaka fuwele moja, mbegu ni kibamba cha almasi kilichosuguliwa kikalainika. Ukitaka utando mpana, tumia bamba la silikoni, lakini usiliweke hivi hivi: lipake kwanza vumbi la almasi. Bila vumbi hilo, almasi itaota hapa moja na pale moja, na katikati patabaki patupu.

Hatua ya 2: Toa hewa. Funga chumba cha chuma, pampu ivute hewa yote. Usiharakishe. Mpira wa kuzibia ukivuja kidogo tu, naitrojeni ya hewani huingia. Almasi itaota upesi zaidi nawe utafurahi, kumbe inageuka kahawia.

Hatua ya 3: Ingiza gesi, washa mikrowevu. Hidrojeni ndiyo nyingi. Methani, gesi inayoleta kaboni ya kujenga almasi, ni kidogo, asilimia 1 hadi 5 hivi. Kanieneo ibaki chini, kama sehemu moja ya kumi ya hewa ya kawaida. Mitambo mingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.45, sawa na oveni ya jikoni. Gesi hugeuka plazma, tufe la mwanga linaloelea juu ya mbegu. Mbegu yenyewe iwe kati ya nyuzi 700 na 1,000 za Selisiasi.

Hatua ya 4: Subiri, ila uelewe unachosubiri. Hapa ndipo penye roho ya somo. Katika hali hiyo kaboni ikiachwa ifuate mkondo wake hugeuka grafiti, ile ya ndani ya penseli. Kinachoizuia ni hidrojeni. Plazma huvunja molekuli zake kuwa atomi moja moja, na atomi hizo huila grafiti upesi sana, huku almasi zikiigusa kwa shida. Vyote viwili vinajijenga pamoja. Kimoja kinaliwa, kingine kinabaki. William Eversole wa Marekani aliotesha almasi kwa gesi tangu 1952, lakini kwa mwendo wa konokono. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Japani walipoonyesha namna ya kuzalisha atomi hizo za hidrojeni kwa wingi, kwanza kwa waya wa moto, kisha kwa mikrowevu. Hata leo uvumilivu unahitajika: kwa mikromita 5 kwa saa (mikromita 1,000 ni milimita moja), unene wa nusu milimita ni saa 100.

Hatua ya 5: Chagua uchafu. Neno hilo lisikutishe: ni atomi ngeni zinazotiwa kwenye gesi almasi ikiwa bado inaota, na hapa ndipo almasi inapopewa kazi. Isipotiwa kitu, inafaa kwa madirisha, kwani hupitisha mwanga na miali mingi ya joto bila kudhurika na asidi. Chombo cha Marekani kilichotumwa Zuhura mwaka 1978 kilikuwa na kidirisha cha almasi, hiyo ikiwa ya asili. Ukitia boroni, inakuwa ya buluu na inapitisha umeme. Hutengenezewa elektrodi za kusafishia maji machafu. Naitrojeni nayo, atomi moja ikikaa jirani na nafasi isiyo na atomi, huunda kitu cha ajabu: ukimulika kwa leza ya kijani hung'aa nyekundu, na mng'ao huo husomeka kama kipimo cha sumaku hafifu sana, bila kupoza chochote. Mwaka 2015, huko Delft, Uholanzi, kasoro za aina hii katika almasi mbili zilizotengana kilomita 1.3 zilitumika katika jaribio maarufu la fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo mno.

Hatua ya 6: Kata kwa leza, sugua kwa vumbi la almasi. Hakuna kingine kinachoiweza vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, hii ni almasi kweli au bandia?
Ni almasi, ndugu yangu. Kila atomi ya kaboni imeshikana na nne nyingine, sawasawa na ile ya ardhini. Kilichotofautiana ni mahali ilipozaliwa.

Ile njia nyingine, ya kukandamiza kaboni kwa nguvu na joto hadi igeuke almasi, imekufa?
Hapana. Kampuni ya Marekani ya General Electric iliitangaza mwaka 1955, na hadi leo ndiyo inayotoa unga mwingi wa kusagia. Inataka kanieneo ya mara 50,000 hivi ya hewa ya kawaida, na joto la zaidi ya nyuzi 1,300.

Mimi ni fundi mashine. Kwa nini kisu cha almasi kiliisha upesi nilipochonga chuma?
Pole, fundi. Chuma kikipata moto hunyonya kaboni, kwa hiyo kisu kiliyeyukia kwenye kazi yako. Almasi ipe alumini, shaba au mawe. Kwa chuma kigumu tumia boroni naitraidi ya kyubiki, kitu kigumu sana kisicho na kaboni.

Kama inapoza vizuri hivyo, mbona chipu za simu bado ni za silikoni?
Swali zuri sana. Transista, yaani swichi ndogo za umeme ndani ya chipu, nyingi zinahitaji almasi ya aina mbili: yenye upungufu wa elektroni na yenye ziada. Upungufu tunaupata kwa boroni. Ziada hutafutwa kwa fosforasi, lakini fosforasi ndani ya almasi hung'ang'ania elektroni yake mno. Katika joto la kawaida ni chache tu zinazoachiwa zitembee.