SOMO: Dar mpaka Dodoma kwa baiskeli kuchangia afya ya akili, jinsi ya kufika mzima

Wakuu habari zenu. Tangu turudi watu wananiuliza mlifanyaje fanyaje, sasa naandika mara moja kila mtu asome. Tulikuwa nane, siku 4, kama kilomita 450 hivi. Kumalizia Dodoma ilikuwa makusudi, kwa sababu ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ipo tangu 1927 ila mtaani jina lake tumeligeuza tusi, mtu akikaa kimya kidogo tu "vipi wewe umetoroka Mirembe?" Mdogo wangu alitibiwa pale akapona, kazi anafanya, kilichomtesa zaidi ni utani wa kijiweni.

HATUA YA 1: Hela kwanza, baiskeli baadaye. Kabla hujatangaza chochote pitia ofisi ya wilaya uulizie kibali cha kuchangisha usije ukaitwa tapeli. Sisi tulipokea kwa lipa namba moja, watu wawili wanaiona, kila jioni salio linapigwa picha linatupwa kwenye grupu. Msosi na gesti kila mtu mfukoni kwake, hapo ndo hata wabishi walianza kuchanga.

HATUA YA 2: Mazoezi. Jipe miezi mitatu. Anza kwenda Kibaha na kurudi, ongeza taratibu mpaka uweze kilomita 100 Jumamosi halafu Jumapili asubuhi upande tena, na hiyo Jumapili ndo mtihani wenyewe maana siti unaiona kama msumari. Pakaa mafuta mgando mapajani, usione aibu. Fundi anyooshe rimu, aangalie cheni na breki, beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu.

HATUA YA 3: Gawa safari. Siku ya kwanza Chalinze, toka saa 11 alfajiri kabla malori hayajajaa. Ya pili Moro, ni fupi, pumzika. Ya tatu Gairo, kama kilomita 130, na ukishaiacha Dumila barabara inaanza kupanda wala haina haraka ya kuacha. Ya nne Kibaigwa, Mbande, Dodoma. Nenda kati ya Juni na Septemba, kukavu, na upepo wa kusi unakusukuma mgongoni.

HATUA YA 4: Kula kabla ya njaa. Kashata mfukoni, ndizi, na maji lita moja yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mimi nilijifanya mjuaji, wenzangu wamesimama Dumila wanakula mahindi ya kuchoma mi nikapitiliza. Mlimani miguu ikagoma, nikashuka nikaanza kukokota, jasho limekauka mkononi imebaki chumvi nyeupe, utingo wa lori ananipigia miluzi, nikajikuta nalia. Sababu hata siijui.

HATUA YA 5: Chagueni mkia. Hii watu wengi wanairuka na mimi naiona kubwa kuliko zote. Kila siku mtu mmoja anakaa nyuma ya wote, haruhusiwi kumpita mtu. Siku ile mkia alikuwa mama mmoja nesi mstaafu. Akashuka na yeye, hakusema jikaze, hakusema pole. Akamenya chungwa akanipa nusu, tukatembea, baadaye ndo akauliza, "Hivi mdogo wako alianza anzaje?" Nikaongea mpaka tunaiona Gairo. Miaka mitatu sijawahi kumwambia mtu habari ile yote. Jioni pia tulikuwa na utaratibu, kila mtu anasema kichwa chake leo kikoje, na "niko poa" ilikuwa marufuku.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mi nina Phoenix ya kawaida, giya hakuna, ntafika?
Jibu: Mpaka Moro bila shida. Baada ya Dumila utakokota sana. Mwenzetu mmoja alikuwa nayo, siku ya mwisho alifika masaa mawili nyuma yetu, na mkia wa siku hiyo kanuna.

Swali: Kaka mimi natumia dawa za sonona, naruhusiwa?
Jibu: Dada usiache dawa kwa ajili ya baiskeli. Muone daktari wako mapema umwambie kabisa ni jua na siku nne, maana kuna dawa zinapunguza jasho mwili unachemka haraka, na mtu wa lithiamu akiishiwa maji dawa inaweza kupanda kwenye damu ikawa sumu. Akikataa njoo kwenye gari la vifaa, mgawa maji tunamtafuta kila mwaka.

Swali: Hizo hela mlimpa nani? Isije ikawa mnatafuta umaarufu tu.
Jibu: Uliza tu ndugu, ni haki yako. Zimeenda nauli za kliniki na dawa kwa wagonjwa 11 wa mtaani kwetu, risiti zipo njoo uzione. Majina hatutoi na picha hatukuwapiga, hapo hata ukinitukana sibadiliki.

Swali: Mdogo wako alisemaje?
Jibu: Alipanda basi akatusubiri Ihumwa na baiskeli ya kuazima, breki ya mbele haina. Akatuangalia tulivyochoka akasema mbona mnatembea kama mnasindikiza jeneza, akatangulia, na hatukumkamata mpaka mjini.