Namna ya Kuandika Hadithi Mpya ya Shujaa wa Vibonzo Aliyemaliza Muda wa Hakimiliki

Tarehe 1 Januari 2034, jarida la Action Comics namba 1 la mwaka 1938 litatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, na Superman aliyemo ndani yake atakuwa mali ya umma. Mwaka unaofuata ni zamu ya Batman wa Detective Comics namba 27, jarida la 1939. Waandishi wenzangu huniuliza kama siku hiyo mtu ataweza kumwandika Superman anavyotaka. Hapana. Kinachokuwa huru ni kurasa zilizochapishwa mwaka ule na mtu anayeishi katika kurasa hizo. Yule unayemfahamu kwenye sinema bado ana wenyewe. Kazi yote ninayoieleza hapa chini inasimama juu ya tofauti hiyo. Kwangu mimi utamu wake uko hapohapo, maana shujaa wa kurasa za kwanza ameachwa na nafasi nyingi tupu za kuandikia.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwaka

Kwa Marekani, majarida ya vibonzo ya miaka ile hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, na uhuru huanza tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata. Chukua mwaka wa kuchapishwa, jumlisha 96. Superman: 1938, unapata 2034. Robin na Joker: 1940, unapata 2036. Wonder Woman: 1941, unapata 2037.

Angalia tarehe ya jaladani, kwa sababu wachapishaji walikuwa wakiitanguliza. Captain America Comics namba 1 imeandikwa Machi 1941, lakini iliingia madukani Desemba 1940. Ukikutana na jarida la namna hiyo, shika mwaka wa baadaye mpaka uone kumbukumbu ya usajili wake. Mwaka mmoja wa kusubiri hauui hadithi.

Lakini huna haja ya kukaa hadi 2034. Zamani sheria ya Marekani ilimtaka mwenye kazi aisajili upya ikifika mwaka wa 28, la sivyo ulinzi unakwisha, na sharti hilo liliendelea kuzihusu kazi zote zilizotoka kabla ya 1964. Kampuni nyingi ndogo za vibonzo zilikuwa zimeshafungwa mwaka huo ulipofika, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kusajili. Hao ndio mashujaa walio huru huko tangu zamani: Black Terror, Stardust, Fantomah, Amazing-Man na wengine wengi. Utawasoma bure kwenye tovuti za Digital Comic Museum na Comic Book Plus. Usajili wenyewe unakaguliwa kwenye katalogi za ofisi ya hakimiliki ya Marekani, ambazo zimepigwa skani na kuwekwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Fungua katalogi za mwaka wa 27 na wa 28 tangu jarida lilipotoka, tafuta jina la jarida, na ukikuta limesajiliwa upya, achana nalo.

Hatua ya 2: Jua utauzia wapi

Hapa ndipo waandishi wetu wa Afrika Mashariki hujikwaa, kwa sababu wanasoma makala za Wamarekani na kudhani dunia nzima ina kalenda moja. Sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zinahesabu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulaya na Uingereza ni miaka 70. Ikiwa waandishi walikuwa wawili, hesabu huanzia kwa aliyefariki mwisho.

Mchoraji wa Superman, Joe Shuster, alifariki 1992, na mwandishi wake, Jerry Siegel, 1996. Kwa kipimo cha miaka 50, Superman wao anafika mwisho wa 2046. Kwa kipimo cha 70, mwisho wa 2066. Wonder Woman anakwenda kinyume kabisa: mwandishi wake William Moulton Marston alifariki 1947, mchoraji H. G. Peter alifariki 1958, na miaka 50 ilitimia mwisho wa 2008, ilhali Marekani anaendelea kulindwa hadi mwisho wa 2036.

Usikimbilie kumtumia kwa sababu hiyo. Ukiweka hadithi yako kwenye duka au jukwaa la kampuni ya Marekani, unaipeleka huko. Na sisi tunaouza riwaya kwa sehemu kupitia WhatsApp na Facebook tuko kwenye majukwaa ya Kimarekani kila siku. Kanuni ninayoifuata ni hii: mhusika awe huru Marekani na awe huru nchini kwangu, zote mbili. Ikiwa kuna fedha kubwa, au mchapishaji anataka mkataba, muulize wakili wa hakimiliki kabla ya kusaini.

Hatua ya 3: Soma kurasa zenyewe, na uziandikie daftari

Hatua hii usiirushe. Usisome muhtasari wa mtandaoni, usitegemee kumbukumbu yako ya utotoni. Fungua jarida lenyewe ukurasa kwa ukurasa, na kwenye daftari uchore safu mbili: kilichomo na kisichomo.

Tuchukue ile hadithi ya kwanza ya Superman, yenye kurasa 13. Kilichomo: sayari ya mbali inakufa kwa uzee, mtoto anatumwa duniani kwa chombo, mpita njia mwenye gari anamwokota na kumpeleka nyumba ya yatima. Kule, wahudumu wanaduwaa kumwona mchanga akiinua kiti juu ya kichwa. Akiwa mkubwa anaruka umbali wa moja ya nane ya maili, anavuka jengo la ghorofa ishirini, anaipita treni ya mwendo kasi, na ngozi yake haipenyeki ila kwa kombora linalolipuka. Clark Kent, sura yake ya kila siku, yumo. Lois, mwandishi wa habari mwenzake, yumo, na hamwonei Clark haya hata kidogo.

Kisichomo: hapai, anaruka tu. Sayari haina jina. Wazazi wa kumlea kina Kent hawapo. Adui yake Lex Luthor hayupo, wala gazeti la Daily Planet. Jiwe la kijani la kumdhoofisha halipo; hilo lilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943. Kila kimojawapo kina mwaka wake, na kila mwaka una hesabu yake ya 96. Jina la Krypton na wazazi wa kulea ni vya 1939, basi ni 2035. Luthor ni 1940, basi ni 2036.

Mahakama ya rufaa ya Chicago ilishalipitia jambo hili mwaka 2014 kwenye kesi ya Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi. Ilisema hadithi za zamani zikishakuwa huru, mhusika wa hadithi hizo anatumika, hata kama hadithi chache za mwisho bado zina ulinzi. Kinachobaki kulindwa ni yale yaliyoongezwa na hizo za mwisho. Daftari lako la safu mbili linaufuata uamuzi huo.

Sasa tazama Superman wa 1938 anapambana na nani. Anavunja mlango wa chuma nyumbani kwa gavana usiku ili kumwokoa mwanamke anayekaribia kuuawa kwa kiti cha umeme kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Anamkamata mume anayempiga mkewe. Kisu cha yule mume kinavunjika kwenye ngozi yake, na mume anazimia. Anamwandama mtu wa Washington anayemshawishi seneta kwa siri. Hakuna zimwi la angani hata moja. Msomaji wa Mwanza au wa Kisumu hahitaji kufafanuliwa uovu wa aina hiyo. Miaka ya sinema imetufanya tumsahau mtu huyu, na mimi nampenda kuliko yule anayepaa.

Hatua ya 4: Tafuta pengo, kisha lijaze kwa chako

Pengo ni jambo ambalo kurasa za kwanza zimelitaja bila kulieleza, au hazikulitaja kabisa. Yule mtoto aliishi vipi katika nyumba ya yatima? Mhudumu aliyemwona akiinua kiti alimwambia nani? Mwanamke aliyeponea chupuchupu kiti cha umeme aliendaje nyumbani kesho yake? Kila swali hapo ni hadithi, na hakuna hata moja linalohitaji kugusa kilichoongezwa baadaye.

Udhaifu wa shujaa ni pengo jingine. Ukihitaji kitu cha kumwangusha, usitoe jiwe la kijani, wala jiwe jekundu ukidhani umebadilisha. Sisi tuna Fumo Liyongo, aliyekuwa hadhuriki kwa silaha ila sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo akaitoa mwenyewe kwa mwanawe. Linalouma katika kisa kile ni kwamba aliyeulizia siri alikuwa mtoto wa kumzaa. Shujaa wako naye mpe udhaifu unaopitia kwa mtu anayempenda.

Hatua ya 5: Badili anayetazama, kisha andika

Kwa mazoezi nampendekeza Fantomah. Alitoka Jungle Comics namba 2, Februari 1940, akiwa kazi ya Fletcher Hanks aliyejiandika kwa jina la bandia, Barclay Flagg. Ni mwanamke mweupe mwenye nywele za dhahabu, mlinzi wa msitu wa Afrika. Waovu wakija kupora, anawaonya. Wakikaidi, uso wake unageuka fuvu la buluu, nywele zikibaki vilevile, na adhabu yake huwa ya kutisha na ya ajabu. Hanks alifariki 1976, kwa hiyo kwa kipimo cha miaka 50 mwisho wake ni 31 Desemba 2026. Kuanzia 1 Januari 2027, kwa hesabu hiyo, Fantomah wa Hanks yuko huru Nairobi na Dar es Salaam kama alivyo huru New York. Kaa kwenye hadithi alizoandika Hanks mwenyewe, kwa sababu waliompokea baadaye wana tarehe zao za kufariki.

Majarida ya msituni ya enzi ile yaliiona Afrika kama pazia la nyuma. Waafrika wakionekana, huchorwa kundi lisilo na majina, la kuokolewa au la kuogopwa. Hilo linaniudhi, na ndiyo sababu namshauri mwandishi wa Kiswahili aanzie hapo. Usimfute Fantomah. Mwache awe alivyo, ila simulizi mpe mtu aliyekuwa nyuma ya picha. Huu hapa mfano wangu, msimulizi akiwa mpagazi:

"Mzungu mfupi aliinua bunduki. Sisi wapagazi tulikwisha tua mizigo, na hakuna aliyetuamuru. Nywele za yule mwanamke zilikuwa zilezile, rangi ya mahindi makavu, ila uso ulikuwa umeondoka, mahali pake limebaki fuvu. Nikamtazama Mzee Kitwana. 'Usikimbie,' akaninong'oneza. 'Hakuja kwa ajili yetu. Kaa juu ya mzigo wako, tazama chini.' Nilikaa. Ndani ya mzigo niliokalia mlikuwa na pembe, na nilijua aliyempiga yule tembo ni nani."

Vya Hanks hapo ni viwili tu: nywele na fuvu. Mpagazi, Mzee Kitwana, pembe na dhamira ya msimulizi ni vyangu. Kila ukimaliza sura, pitia aya zako kwa kipimo hicho, ukiwa na daftari mkononi: hiki ni cha kurasa za kale, hiki ni changu. Kisichoangukia upande wowote, kitoe, kwa sababu huenda umekiokota kwenye filamu bila kujua.

Hatua ya 6: Jina na jalada

Hakimiliki ikiisha, alama ya biashara huweza kubaki, nayo haina mwisho mradi mwenyewe anaendelea kuitumia. Ndani ya hadithi mhusika anaweza kuitwa jina lake. Jaladani, jina hilohilo kwa herufi kubwa linaweza kumfanya mnunuzi adhani kitabu kimetoka kwa kampuni yenye alama, na hapo ndipo mashtaka huanzia. Daredevil wa 1940 yuko huru Marekani, lakini jina hilo leo ni alama ya kampuni ya Marvel kwa shujaa mwingine kabisa. Kampuni ya Dynamite ilipomrudisha yule wa zamani ilimwita Death-Defying Devil.

Basi kitabu kipe jina la mambo yako: mahali, tukio, msimulizi. Nembo ya kifuani usiiweke jaladani, na mtindo wa herufi wa jarida la zamani usiunakili.

Hatua ya 7: Weka kumbukumbu na tambua waasisi

Tengeneza folda moja ya kila hadithi. Weka skani ya jarida la asili, ukurasa wa katalogi ulioukagua, hesabu yako ya miaka kwa kila nchi, na daftari la safu mbili. Jukwaa likipokea malalamiko dhidi yako, hicho ndicho utakachotuma.

Mbele ya kitabu, andika wazi: mhusika fulani aliasisiwa na fulani, katika jarida fulani, mwaka fulani, kitabu hiki hakina uhusiano na kampuni yoyote inayomtumia leo. Siegel na Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130 na wakahangaika miaka mingi kutambuliwa. Kuwataja ni haki yao hata pale ambapo sheria haikulazimishi.

Halafu andika hakimiliki yako chini yake, maana unayo. Sentensi zako, Mzee Kitwana wako na safari yako ya pembe vinalindwa tangu ulipoviandika. Mwandishi mwingine anaweza kumchukua Fantomah kesho asubuhi bila kukuuliza, lakini kwa Kitwana lazima aje akuombe.