Jinsi ya Kutumia Kruzi na Breki ya Otomatiki kwenye Barabara za Uganda

Harrier, Forester au X-Trail iliyotengenezwa Japani baada ya mwaka 2015 mara nyingi hufika Kampala ikiwa na macho yake: kamera nyuma ya kioo cha mbele, rada nyuma ya nembo, au vyote viwili. Mnunuzi anakuta vitufe asivyovijua kwenye usukani, maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi, na kitabu cha maelekezo asichoweza kukisoma. Wengine hawavigusi kabisa. Wengine wanaviamini mno, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu mifumo hii, yaani kruzi inayoshika mwendo bila mguu wako na breki inayofunga yenyewe, iliundwa kwa ajili ya barabara zenye mistari iliyo wazi na magari yenye taa za nyuma zinazowaka. Ukijua inaona nini na haioni nini, itakufaa sana kati ya Busega na Entebbe. Usipojua, inaweza kukuingiza Lugazi mjini kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Jua kwanza gari lako lina nini

Simama mbele ya gari utazame sehemu ya juu ya kioo cha mbele, pale kilipo kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Ukiona lenzi mbili zilizoachana, moja kulia na moja kushoto, hiyo ni EyeSight ya Subaru, ambayo hupima umbali kwa kulinganisha picha za kamera mbili. Lenzi moja pamoja na nembo ya mbele iliyo bapa na laini kama kioo kwa kawaida ni Toyota yenye rada nyuma ya nembo. Lenzi moja yenye vidirisha vya leza kando yake ni Toyota Safety Sense C. Hiyo ina breki ya otomatiki inayofanya kazi takriban kati ya kilomita 10 na 80 kwa saa, lakini haina kruzi ya kufuata gari la mbele.

Kisha tazama usukani. Kitufe chenye picha ya gari na vistari vya umbali maana yake kruzi yako inafuata gari lililo mbele na kupunguza mwendo yenyewe gari hilo linapopunguza (hapa tutaiita kruzi ya rada). Kitufe hicho kisipokuwepo, chukulia kuwa una kruzi ya kawaida: inashika mwendo uliouweka, basi. Haijui kama kuna lori mbele, na wala haifungi breki. Hakikisha hili gari likiwa limesimama, maana dereva aliyezoea gari linalofuata akikalia usukani wa gari lisilofuata ana sekunde chache tu za kugundua tofauti.

Kruzi pia haifanani na kidhibiti mwendo cha mabasi. Kidhibiti huzuia gari lisizidi mwendo fulani. Kruzi hulisukuma gari lifikie mwendo uliouweka na kubaki hapo, hata mguu wako ukiwa mbali na pedali.

Kuwasha, kuweka na kuzima

Tutachukua mfano wa Toyota yenye kijiti kidogo upande wa kulia wa usukani, kwa kuwa ndiyo mingi barabarani. Magari mengine yana vitufe badala ya kijiti, ila hatua zinafanana.

1. Bonyeza kitufe cha ON-OFF kwenye ncha ya kijiti. Picha ya kruzi itawaka kwenye dashibodi, lakini kruzi bado haijaanza kazi.
2. Endesha kwa mguu mpaka ufikie mwendo unaoutaka. Nyingi hazikubali chini ya kilomita 40 au 50 kwa saa.
3. Sukuma kijiti chini kidogo (SET) na ukiachie. Mwendo umeshikwa, ondoa mguu polepole.
4. Kugusa juu kunaongeza kilomita 1, kugusa chini kunapunguza 1. Kwenye kruzi ya rada, ukikishikilia mwendo hubadilika kwa hatua kubwa zaidi.
5. Kusitisha, vuta kijiti kuelekea kwako au kanyaga breki.

Hatua ya tano ina mtego. Baada ya breki, mwendo wa zamani unabaki kwenye kumbukumbu. Ukisukuma kijiti juu (RES), gari linaurudia. Uliweka 100 nje ya mji, ukakanyaga breki kwa ajili ya matuta, sasa uko katikati ya soko, kidole kinagusa RES: gari linaanza kuvuta kuelekea 100. Kabla ya kuingia mji wowote, bonyeza ON-OFF uzime kabisa. Kumbukumbu hufutika, na baada ya mji utaweka upya.

Mtego wa pili uko kwenye kruzi ya rada yenyewe. Katika Toyota nyingi, kubonyeza kitufe cha kruzi na kukishikilia kwa sekunde moja au mbili wakati wa kuwasha huirudisha kwenye kruzi ya kawaida. Picha ya gari na vistari inatoweka, na kuanzia hapo hakuna kinachofuatilia gari la mbele. Jizoeze kuitazama picha hiyo kila unapoweka mwendo.

Umbali, na mwendo wa kuweka

Kitufe cha umbali kina ngazi tatu. Kwa Toyota nyingi, ukiwa kilomita 80 kwa saa, ngazi ndefu ni takriban mita 50, ya kati 40, na fupi 30. Kwa mwendo huo gari linapita mita 22 kila sekunde, hivyo hata ngazi ndefu inakupa zaidi kidogo ya sekunde mbili. Ukiwa 100, unapita mita 28 kwa sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 42 kabla breki haijaguswa, na breki yenyewe juu ya lami kavu inahitaji mita 55 hivi. Lami ikiwa imelowa, hesabu karibu 100. Kwa hiyo tumia ngazi ndefu daima. Taksi zitajipenyeza katika nafasi hiyo. Ziache zipite, gari lako litapunguza mwendo lenyewe mpaka nafasi irudi. Zikijipenyeza mfululizo hadi gari linafunga breki kila mara, ni dalili kwamba barabara hiyo imeshaishinda kruzi, zima.

Mwendo unaouweka uwe karibu na mwendo halisi wa msafara. Hili watu wengi hawalifikirii. Uko nyuma ya trela linalokwenda 50, nawe umeweka 100. Gari lako linatulia kwa 50 na unaona mambo ni shwari. Trela linapokata kushoto kuingia kituo cha mafuta, rada haioni tena kitu mbele na gari linaanza kukimbilia 100. Kwenye kona hutokea vivyo hivyo: lori la mbele linatoka kwenye mwale wa rada, na gari linaongeza mwendo katikati ya kona. Ungekuwa umeweka 60, lingeongeza kilomita 10 tu.

Lingine ni indiketa ya kulia. Usiku madereva wengi wa hapa huiwasha kumwonyesha anayekuja upana wa gari, au kumwambia aliye nyuma asipite. Magari kadhaa yenye kruzi ya rada, yakiwa kwenye kilomita 80 na zaidi, huielewa indiketa hiyo kuwa unataka kulipita gari la mbele, na yanaanza kuongeza mwendo kulisogelea. Ukiwa umewasha kruzi, iache indiketa hiyo mpaka uwe kweli unapita.

Wapi itumike

Barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe ndiyo mahali pake: njia mbili kila upande, kizuizi katikati, mistari inayoonekana, mwisho kilomita 100. Anza kujifunzia hapo, asubuhi ya Jumapili ikiwezekana. Barabara ya Gulu ina sehemu ndefu zilizonyooka kuanzia Nakasongola kuelekea Kafu ambako kruzi hupumzisha mguu vizuri, ila uizime kabla ya Karuma kwa sababu ya nyani wanaokaa barabarani. Lyantonde hadi Mbarara tumia kwa tahadhari ya ng'ombe.

Kampala hadi Jinja, kupitia Mukono, Lugazi na msitu wa Mabira, iache. Malori ni mengi, wanaopita kinyume nao ni wengi, na miji inafuatana. Milima ya Kabale na Kisoro iache pia: kwenye mteremko kruzi ya kawaida haiwezi kulizuia gari lisizidi mwendo, na ile ya rada itaegemea breki mpaka zipate moto. Shuka kwa gia ndogo.

Mvua ikinyesha, zima. Tairi likipanda juu ya maji na gari kupoteza mwendo, kruzi inaweza kuongeza mafuta wakati ambapo wewe ungeyaondoa. Barabara ya changarawe hivyo hivyo.

Breki ya otomatiki inavyofanya kazi

Hii haihitaji kuwashwa. Kwa kawaida hujiwasha kila unapowasha gari. Inapoona hatari hupiga kelele kwanza na kuonyesha onyo jekundu. Ukikanyaga breki, inaongeza nguvu juu ya mguu wako. Usipofanya chochote, inafunga yenyewe.

Unaposikia kelele, kanyaga breki yote mpaka chini na ushikilie. Pedali itatetemeka, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, usiiachie. Ukikata usukani kwa nguvu au kukanyaga mafuta, mfumo utaona umeamua njia yako na unaweza kukuachia. Na likisimama lenyewe, usitulie: kwenye Toyota nyingi breki inaachia baada ya sekunde mbili hivi, na gari la gia otomatiki linaanza kutambaa mbele. Mguu uwe tayari kwenye pedali.

Usiitarajie ifanye miujiza. EyeSight ya toleo la tatu, kwa mfano, iliundwa kuzuia mgongano pale tofauti ya mwendo kati yako na kilicho mbele isipozidi takriban kilomita 50 kwa saa. Ukiwa 100 na mbele kuna lori lililosimama, tofauti ni 100. Itapunguza kishindo, haitakiondoa.

Katika msongamano wa Kampala bodaboda zikikatiza mbele ya bampa, onyo litalia mara kwa mara na utashawishika kulizima. Badala yake ingia kwenye mipangilio uchague onyo la kuchelewa. Breki yenyewe itabaki kazini. Kuzima kabisa kuna nafasi zake: gari likivutwa, likipakiwa kwenye feri ya kwenda Kalangala, likipimwa breki juu ya roli za ukaguzi, au ukipita kwenye nyasi ndefu.

Isichokiona

Rada hupokea mwangwi kutoka kwa kila kitu kilichosimama: mabango, nguzo, madaraja. Ili gari lisifunge breki kila penye bango, kruzi nyingi za rada hupuuza vitu ambavyo havijawahi kuonekana vikitembea. Trela lililoharibika usiku barabara ya Masaka, bila taa, na matawi ya miti yametandazwa kwenye lami nyuma yake kama onyo: wewe unayajua matawi yale yanasema nini. Kamera inaona majani.

Bodaboda nazo ni tatizo. Mifumo mingi ya miaka ya 2015 hadi 2018 ililenga magari, na baadhi watembea kwa miguu. Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, walianza kupima breki ya otomatiki dhidi ya pikipiki mwaka 2023 tu. Pikipiki yenye mikungu mitatu ya matoke nyuma, au abiria watatu, haina umbo ambalo kamera ya 2016 ilifundishwa. Ng'ombe, mbuzi na watoto wanaotokea nyuma ya taksi iliyosimama, wahesabu wote kuwa hawaonekani.

Kuyatunza macho ya gari

Futa kioo mbele ya kamera kila unapojaza mafuta, kwa kitambaa laini chenye maji. Vumbi jekundu na wadudu wa ziwani wanatosha kuizima. Badilisha mipira ya waipa inapoanza kuacha michirizi. Stika zikae pembeni chini, mbali na kamera. Nembo ya rada usiipake rangi wala kuibadilisha kwa nembo ya dukani yenye kromu, na usifunge bampa ya chuma mbele yake.

Kioo kikipasuka kwa jiwe, kipya lazima kiwe cha gari lenye kamera, chenye kishikio chake, kisha kamera ipimwe na kulinganishwa upya kwa mashine na mabango maalumu. Muulize fundi kabla hajatoa kioo cha zamani kama ana vifaa hivyo.

Watu wengi huinua gari kwa spesa ili lisigonge matuta. Ukiinua mbele zaidi ya nyuma, kamera na rada zinatazama juu. Nyuzi 1 tu ya kosa inakuwa mita 1.75 kwa umbali wa mita 100, na ikiwa kosa ni la upande, hiyo ni nusu ya njia: gari litafunga breki kwa ajili ya lori la njia ya pili na kulipuuza lililo mbele yako. Baada ya spesa, kugongwa mbele au kubadilisha ukubwa wa tairi, rudia upimaji.

Unaponunua, washa gari utazame taa za njano za mfumo: ziwake, kisha zizimike. Zisipowaka kabisa, huenda mtu ameziziba. Mwombe fundi asome kumbukumbu ya makosa kwa kompyuta, sehemu ya kamera na ya rada kila moja peke yake, kabla hujatoa pesa.