Kuchora mto wa Uholanzi kwa namna ya Jan van Goyen

Jan van Goyen, aliyezaliwa Leiden mwaka 1596 na kufariki The Hague mwaka 1656, alichora mito ya nchi yake kwa rangi chache: kahawia, manjano ya udongo, kijivu na kijani kidogo. Humo mna vivuko vilivyobeba ng'ombe, wavuvi kazini na, kwa mbali, mnara wa kanisa. Anayetaka kuchora mto wa namna hiyo kwa rangi za mafuta ashike kwanza jambo hili: kinachoviunganisha vyote ni hewa yenye unyevu.

Hatua ya kwanza ni ubao. Van Goyen alitumia sana mwaloni. Ukiukosa, ubao wowote mgumu uliokauka vizuri utafaa. Upige msasa, uupake gundi iliyochanganywa na unga wa chaki, na ukishakauka uupitishie kahawia nyepesi sana. Usiuzibe, kwa sababu katika picha zake nyingi nyuzi za mti bado zinaonekana chini ya rangi, na kahawia hiyo ndiyo itakayokuwa ardhi yako baadaye.

Hatua ya pili, piga mstari wa upeo wa macho chini, kwenye robo ya ubao au juu yake kidogo.

Hatua ya tatu ni anga, na hapa usiwe na haraka. Changanya nyeupe na nyeusi kidogo pamoja na tone la manjano ya udongo, upate kijivu chenye joto, kisha uvute mawingu kwa brashi pana rangi ikiwa bado mbichi, ukiacha kahawia ya chini ichungulie hapa na pale. Kadiri unavyokaribia upeo wa macho, ongeza nyeupe, kwa maana huko ndiko ukungu wa mto unakofifisha mnara na miti. Mimi huacha bluu kabisa hadi mwisho. Wanafunzi wengi huanza nayo, na picha nzima hupoa.

Hatua ya nne, shusha kijivu kilekile cha anga kwenye maji kwa mistari ya ulalo, ukikitia giza kidogo karibu na ukingo ulio mbele yako.

Hatua ya tano ni watu na wanyama. Chukua brashi nyembamba na kahawia nzito. Ng'ombe aliye kivukoni anahitaji mgongo mmoja, pembe mbili na doa la nyeupe ubavuni. Ukimchora macho, atatoka mbele na kuuharibu umbali wote ulioujenga. Chini ya kivuko, pale ubao unapogusana na maji, weka mstari mmoja mweusi na kando yake mwembamba wa nyeupe, nacho kitaelea. Kisha acha picha ikauke, na usipake vanishi kabla ya miezi sita kupita.