Kusoma uharibifu wa kimbunga kwenye picha: somo la vipindi viwili kwa mfano wa Idai

Picha moja ya nyumba iliyoezuliwa haifundishi mengi. Wanafunzi wataguna, watasikitika, kisha watasubiri kengele. Somo huanza wanapowekewa picha mbili za mahali pamoja, ya kabla na ya baada, wakatakiwa kueleza kipi kimebadilika na kimebadilishwa na nini: upepo, mvua, mto au bahari. Kimbunga Idai kinafaa kwa sababu kiliacha alama za vyote vinne. Kilitua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Kiliezua mji, kikasukuma bahari nchi kavu, kikafurisha mito ya Pungwe na Buzi, na huko Chimanimani, Zimbabwe, mvua yake ikaporomosha mawe na tope juu ya makazi ya watu.

Kuandaa picha

Anza na picha za rada za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya. Hupatikana bure kwenye tovuti ya Copernicus Browser, unachohitaji ni kujiandikisha. Tafuta Beira, sogeza ramani magharibi hadi bonde la Buzi lionekane, kisha fungua picha ya tarehe 19 Machi 2019. Ihifadhi. Bila kugusa ramani wala ukuzaji, rudi kwenye tarehe za kabla ya kimbunga na uchague picha iliyopigwa muda uleule wa siku, asubuhi kwa asubuhi au jioni kwa jioni. Ukichanganya, setilaiti itakuwa imetazama kutoka upande mwingine, na vivuli vya milima vitahama hata kama ardhini hakuna kilichobadilika.

Kwa nini rada badala ya picha za kawaida? Siku zile anga lilifunikwa na mawingu, na rada hupenya mawingu. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwa sababu mawimbi ya rada huteleza juu yake na kuondoka bila kurudi kwenye setilaiti.

Picha hizo hazitakuonyesha paa. Pikseli moja ni mita 10 kwa 10, yaani nyumba nzima ya kawaida huingia kwenye nukta moja. Kwa mji wenyewe tumia Google Earth Pro ya kwenye kompyuta: bofya alama ya saa, kisha vuta kitelezi cha tarehe hadi picha ya karibu zaidi baada ya Machi 2019. Picha ya kabla itoke msimu uleule wa mvua. Ukiweka ya Septemba mbele ya ya Machi, wanafunzi watahesabu majani yaliyoota kuwa kazi ya kimbunga.

Ongeza picha tatu au nne zilizopigwa ardhini, zenye tarehe na mahali. Acha zenye maiti au majeruhi. Kama shule iko Lindi, Mafia au mahali pengine palipowahi kupigwa, watangulizie taarifa siku moja kabla. Mwanafunzi aliyepoteza nyumba asikutane na picha hizo ghafla ukutani.

Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama hati, zisije zikabanwa na kupoteza maelezo. Ziweke pia kwenye flashi, na uchapishe angalau jozi mbili kwa ajili ya umeme kukatika. Intaneti usiitegemee kabisa darasani.

Kupishanisha

Kuweka picha bega kwa bega hufanya macho yarukeruke. Njia bora ni slaidi mbili zinazofuatana, kila picha imejaza slaidi nzima, na madoido ya mpito yote yamezimwa. Bonyeza mshale mbele, nyuma, mbele, nyuma: kilichobadilika kitapepesa, kilichobaki kitatulia.

Hili hufaulu tu picha zikilingana. Chagua alama mbili zisizohama, kwa mfano daraja na njia panda. Weka picha moja juu ya nyingine, ya juu uipunguzie uzito wa rangi hadi asilimia 50 ili ya chini ionekane, uisogeze mpaka alama zote mbili zikutane, kisha urudishe uzito wake na kuihamishia slaidi yake. Zikikosa kulingana hata kidogo, darasa zima litaona mji unaotetemeka na hakuna atakayeona mafuriko.

Pishanisha kimya kwa dakika tatu. Waandike walichokiona, si walichokisikia kuhusu Idai. Maelezo yako yakitangulia, kila mtu ataona ulichosema.

Kisha chora gridi ya miraba yenye kilomita 5 kila upande juu ya picha zote mbili, kwa kutumia kipimo kilichoko kwenye ramani. Kila mraba ni kilomita za mraba 25. Vikundi vihesabu miraba iliyo myeusi zaidi ya nusu kwenye picha ya baada, watoe ile iliyokuwa myeusi tangu kabla, yaani mto na bahari. Majibu yatatofautiana, na hapo usikimbie. Makadirio ya wakati ule yalipita kilomita za mraba 2,000, eneo kubwa kuliko Unguja nzima. Kikundi kitakachopata pungufu mno huenda picha yake imekata sehemu ya bonde.

Kuna mtego ambao hata walimu hunaswa nao: mtaa uliofurika huweza kung'aa badala ya kuwa mweusi, kwa sababu rada hudunda kwenye maji, ikagonga ukuta na kurudi. Weupe mjini hauthibitishi kwamba pamekauka.

Kusoma picha za ardhini

Mabati yameondoka lakini kuta hazina tope: upepo. Mstari wa tope ukutani: mafuriko, na kina chake hukadiriwa kwa mlango, ambao kwa kawaida ni mita 2 hivi. Msingi umechimbuliwa na mchanga wa pwani umelala barabarani: bahari. Ukuta wa matofali mabichi ulioanguka unahitaji subira, kwani tofali lililolowa huweza kuporomoka siku kadhaa baada ya upepo kutulia. Na lundo la vifusi lililopangwa kando ya barabara ni kazi ya watu waliofanya usafi, ndiyo maana tarehe ya picha ni muhimu.

Malizia kwa picha za setilaiti zinazoonyesha mawingu ya Idai, ukichanganya humo ya kimbunga kingine bila kusema. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kaskazini, kinyume chake. Mwanafunzi aweke kidole kwenye ncha ya nje ya mkono wa mawingu na kuufuata hadi kwenye jicho, yaani katikati ya kimbunga. Kidole kikizunguka kinyume na saa, picha hiyo si ya Idai, wala si ya Hidaya iliyofika pwani ya Tanzania Mei 2024, labda iwe imegeuzwa kama kwenye kioo. Ili kujua kama imegeuzwa, walinganishe ukanda wa pwani uliomo na ramani.